Ni Miye Nilikosa: Maisha ya Adjudan Josaphat Mathe Syauswa, 9 Agosti 1949 – 13 Februari 2003

Waheshimiwa mapadri na wachungaji, wakubwa wa mji, wandugu wa polisi mliosimama kwa mistari, majirani wetu wa Vulamba, na ninyi mliokuja kwa miguu na kwa magari kutoka Lubero, Kalunguta na Beni, familia inawaomba mkae, na wale waliokosa viti wakae kwenye majani bila haya, kwa kuwa maisha ya miaka hamsini na mitatu, miezi sita na siku nne hayasomwi mbio, tena marehemu mwenyewe hakupenda karatasi inayosomwa nusu.

Josaphat Mathe Syauswa alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 1949, katika kilima kimoja juu ya Lubero, pale ambapo baridi ya asubuhi huwafanya mama wazazi wafunge watoto wachanga vitambaa viwili, akiwa mtoto wa nne wa mzee Syauswa, mkulima wa viazi na maharagi, akabatizwa siku ya Mungu, yaani Jumapili, tarehe 21 Agosti ya mwaka uleule. Kitambulisho chake kinasema 1950, na wengi wenu mmeona 1950 hata kwenye msalaba uliochongwa jana, lakini kitabu cha ubatizo cha misheni kimeonwa na kusomwa na wakubwa wa familia, nacho kinasema 1949, kwa hiyo seremala ameombwa kusahihisha, naye ameahidi kwamba kazi itakuwa imekwisha kabla ya Jumatatu.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwezi wa Septemba 1956, akaimaliza mwaka 1962, akasoma miaka minne ya sekondari hapo hapo Lubero, akapata diploma ya ualimu tarehe 2 Julai 1966, akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi ishirini na wanane. Tangu wakati huo alijulikana kwa mwandiko wake, mwandiko ulioinama kidogo upande wa kuume, wenye herufi kubwa zilizochorwa kama maua, hata wazee wasiojua kusoma walimletea barua zao aziandike upya ili tu zionekane nzuri. Mwandiko huo ndio uliomfungulia milango ya kazi, na ndio uliomwangusha, kama mtakavyosikia, kwa maana familia ilikutana siku ya Alhamisi na kukata shauri kwamba hakuna kitakachofichwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuficha.

Alifundisha darasa la nne kwa miaka minne, kisha tarehe 1 Februari 1971 akaingia jandarmeri, yaani polisi ya wakati ule, akapelekwa Beni mwaka 1972, akarudishwa Lubero mwaka 1979, akahamishiwa Butembo tarehe 4 Januari 1988, na katika vituo hivyo vyote hakupewa bunduki kwa muda mrefu, kwa sababu kila mkubwa aliyeona mwandiko wake alimketisha mezani, akawa mwenye kuandika maelezo ya washitakiwa, na baadaye afisa wa upelelezi mwenye haki ya kusaini hati ya kukamata mtu. Askari wadogo aliowafundisha wanakumbuka kanuni yake ya mistari minne, ambayo aliirudia kila Jumatatu kama sala, yaani mstari wa kwanza jina la mtu, wa pili jina la baba yake, wa tatu jina la mama yake, wa nne kilima chake, kwa maana katika nchi yetu mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa, hata kilima kimoja kinaweza kuwa na akina Kambere ishirini, wote wakiwa watu wazima na wote wakiitika.

Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Anne-Marie Kavugho, binti wa mfanyabiashara mdogo wa chumvi na sabuni, baada ya safari tatu za posa na mbuzi wote waliotakiwa na ukoo, na Mungu akawabariki watoto watano, Élise mwaka 1975, Solange mwaka 1978, Sylvestre mwaka 1981, mtoto wa kiume aliyeishi siku sita tu mwezi wa Mei 1984, na Nadège mwaka 1986. Nyumbani alikuwa baba wa maneno machache na mizaha mingi, akila pamoja na watoto wake, akikagua madaftari yao na kusahihisha tarehe zilizokosewa kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo Nadège anasema hatalisahau wala hatalisamehe haraka.

Vita vilipofika kwetu mwishoni mwa mwaka 1996, wakati askari waliokuwa wakikimbia walipopora mji, maofisi yakabaki bila milango wala meza, marehemu alichukua vitabu vitatu vya mahabusu, akavilaza katika kapu, chini ya sombe, majani ya muhogo, na Mama Anne-Marie akavibeba kichwani, akavuka mji mzima mchana kweupe, akiulizwa bei ya sombe mara mbili njiani. Utawala mpya ulipoingia mwaka 1997 vitabu vilirudishwa bila ukurasa kukosekana, na watu kumi na wawili waliokuwa wamefungwa bila kesi walifunguliwa kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa mistari minne, hivyo sifa yake ikazidi, akawa mkuu wa upelelezi katika kituo kimoja cha Butembo, naye akajivuna kidogo, na huko kujivuna si kosa tunalomsingizia, ni neno lake mwenyewe.

Sasa yafuata yaliyotokea mwaka 2000. Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, mfanyabiashara wa Vulamba, Mama Julie, ambaye yupo nasi hapa, alileta malalamiko kwamba mabalo sita, yaani marobota, ya vitenge yaliibwa kutoka kwenye gari lake kati ya Beni na Butembo, na kwamba dereva wake alimtaja mpakizi mmoja aitwaye Kambere, wa upande wa Kalunguta. Wafanyabiashara walikuwa wamechoka na wizi wa barabara, walikuwa wakisema watafunga maduka, wakubwa walitaka mtu akamatwe kabla ya soko la Jumamosi, na gari la polisi lilikuwa tayari limewashwa uani, basi marehemu aliweka karatasi juu ya boneti ya gari, akaandika Kambere kwa ule mwandiko wake mzuri, akaacha mistari mitatu mitupu, akasaini.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, askari wawili walifika Kalunguta, wakamkuta Abdias Kambere, mkulima na mwimbaji wa kwaya ya Kiprotestanti, akipalilia maharagi pamoja na mke wake Hulda, wakauliza nani ni Kambere, naye akajibu bila hofu, kama anavyojibu mtu asiye na deni na serikali, "Ni miye." Alipofikishwa Butembo na kusomewa sababu, alimwambia marehemu maneno ambayo yameandikwa kitabuni, "Papa, Kambere ni miye, lakini ile Kambere yenye munatafuta, hapana miye," na marehemu hakuinua macho mezani, akasema, "Bezi bote banasemaka vile," yaani wezi wote ndivyo wasemavyo. Mahakama haikuwa ikikaa kwa sababu ya vita, barabara ya Beni ilikuwa leo wazi kesho imefungwa, karatasi zikalala, na Abdias akalala nazo katika kasho, selo ya kituo.

Siku ya Mungu, tarehe 5 Novemba 2000, baba yake Abdias, mzee Ézéchiel, alifariki Kalunguta kwa ugonjwa wa kifua, na kesho yake asubuhi Hulda alifika kituoni akiwa na vumbi hadi magotini, akasimama mbele ya meza ya marehemu na kusema, "Papa, mutupatie ye siku moja tu, azike baba yake, kisha mumurudishe. Miye nitabaki mu kasho ku nafasi yake." Marehemu alimjibu kwamba kasho si kiti cha kanisa, kukaliwa na mwenye kupenda, akakataa kwa maandishi, akasaini, na mzee Ézéchiel akazikwa Jumanne tarehe 7 bila mtoto wake wa kiume kutupa udongo. Jibu hilo lilimpendeza marehemu kiasi kwamba alilirudia nyumbani wakati wa chakula kama neno la akili, lakini Mama Anne-Marie hakucheka, aliweka kijiko chini na kuuliza, "Na kama iko ni ule mwingine?"

Siku kumi na nane baada ya jibu hilo, Ijumaa tarehe 24 Novemba, Kambere mwingine, wa kilima cha pili na wa baba mwingine, alikamatwa sokoni Beni akiuza vitenge vya Mama Julie vikiwa bado na alama ya duka, akakubali yote kabla ya kuulizwa mara mbili. Abdias alikuwa amekaa katika kasho siku arobaini na moja. Mkubwa wa marehemu wa wakati ule, mtu mwema kwa mengine yote, alifunga mlango wa bureau na kumpa shauri ambalo maofisi mengi hulijua, "Mathe, andika ukosefu wa ushahidi, umufungue, tufunge kitabu. Kosa ni ya service, hapana ya mutu." Marehemu akajibu, "Mon commandant, service hapana na mukono. Mukono yenye ilisaini iko hapa." Kisha akafungua kitabu cha mahabusu, kimoja cha vile vilivyopita chini ya sombe, na mbele ya jina la Abdias akaandika, safari hii mistari minne kamili, na chini yake maneno haya, ambayo familia imeyanakili jinsi yalivyo: Mtu huyu hakuwa na kosa. Aliyekosa ni mimi, Josaphat Mathe Syauswa, mwana wa Syauswa, wa Lubero. Mkubwa wake alisoma, akamwambia kwamba ukurasa ule utamla, naye akasema acha unile, mradi usile mwingine.

Jumamosi, tarehe 25 Novemba, alimrudisha Abdias kwao yeye mwenyewe, nusu ya njia kwa gari la mizigo na nusu kwa miguu, bila bunduki, Abdias akitangulia na marehemu akifuata. Uani pa kanisa, mbele ya wazee, kwaya na watoto waliokuwa wamepanda juu ya ukuta, alivua kofia yake na kusema, "Munaniona. Huyu hapana mwizi. Hapana serikali ilimukamata, hapana vita ilimukamata. Ni miye. Mama Hulda alikuya kuniomba siku moja ya kuzika, nikamukatalia. Na ile nayo ni miye nilikosa." Akauliza atafanya nini, wazee wakashauriana, wakasema maharagi yamekufa kwa majani kwa kukosa mpaliliaji, basi na alime, naye akakubali siku arobaini na moja za jembe. Lakini Abdias alimpeleka nyuma ya nyumba, penye udongo mwekundu uliokuwa haujaota majani, akamwonyesha, akasema, "Shamba utalima, sawa. Na huyu, utanizikia ye mara ya pili? Siku yako nayo itafika, Papa polisi. Tutaona nani atakuzika." Marehemu aliandika maneno hayo katika daftari lake jioni ileile pamoja na tarehe, na nyumbani kwake yalipokelewa kama laana, Mama Anne-Marie akayaombea rozari kwa miezi mingi, kwa maana kwetu mtu anaweza kukosa mengi akaishi, lakini asiyekuwa na wa kumzika vizuri hana jina.

Ukurasa ule ulimla kweli. Alisimamishwa kazi kuanzia tarehe 1 Desemba 2000 hadi tarehe 28 Februari 2001, akapoteza cheo cha mkuu wa upelelezi, na baadhi ya wenzake, ambao wamo humu na wameturuhusu kusema, walimpa jina la Papa Ni-Miye, hata chai ikimwagika kituoni mtu alisema, "Musitafute, muite Papa Ni-Miye." Yeye alikuwa Kalunguta, katika miezi ya hatari ambapo watu walilala maporini kwa kuogopa wenye silaha, akilala kwa mzee wa kanisa, akilima tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshika kalamu miaka ishirini na tisa, siku ya pili viganja vilipasuka, Hulda akapita na maji kichwani, akamtazama, akasema, "Papa polisi, jembe hapana ya kusaini. Upige ndani." Abdias hakumwambia neno kwa siku kumi na nane, akilima upande wake na marehemu upande wake, na siku ya kumi na tisa, alipoona mistari ya mbegu inakwenda kombo, alisema maneno mawili tu, "Inama vizuri," na marehemu alirudi nyumbani mwisho wa juma akiwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Siku ya arobaini na moja iliangukia Jumatatu, tarehe 26 Februari 2001, jembe likarudishwa mahali pake nyuma ya mlango wa Abdias, wala juu ya kaburi hakuna aliyesema tena.

Tarehe 1 Machi 2001 alirudi kazini kama mwandishi wa mlangoni, mahali pa askari wanaoanza, akapatumia kwa namna ambayo wakubwa hawakuitazamia, kwa sababu kila aliyeletwa kufungwa alipita kwanza mbele yake, naye alikataa kuandika mtu yeyote ambaye hati yake haina mistari minne na jina kamili la afisa aliyesaini, akiwaambia walioudhika, "Leo unakataa kuandika jina lako juu ya karatasi. Kesho utakataa kuionyesha ku batu." Wakubwa walipoona kwamba malalamiko yanapungua, na kwamba watu wa vilima wanaanza kuleta habari za wezi wenyewe bila kuitwa, walimrudishia kiti chake tarehe 1 Oktoba 2001, nacho kituo kikapata desturi inayoitwa leo kurudisha mutu kwao, yaani askari aliyekosa huandamana mwenyewe na aliyekosewa hadi nyumbani kwake, husema mbele ya majirani kwamba ni yeye, na hutengeneza kinachotengenezeka kwa mikono yake. Kabla ya mwisho wa mwaka 2002 watu tisa walikuwa wamerudishwa hivyo na maafisa sita, na wawili kati ya hao sita walikuwa wale wale waliotunga jina la Papa Ni-Miye.

Haikuwa rahisi, wala isionekane leo kana kwamba ilikuwa rahisi. Siku ya Jumatano, tarehe 14 Agosti 2002, Sajini Ariel, baba wa watoto watatu na askari shujaa, akimfukuza mwizi sokoni, alimpiga fimbo Mama Christa, muuza maharagi, akidhani amemficha mtu nyuma ya magunia, akamvunja mkono, na kituoni alisema kwamba alifuata agizo. Marehemu akamwambia, "Agizo ilisema linda soko. Haikusema vunja mukono ya mama." Ariel akauliza kwa uchungu, "Papa, tukisema makosa yetu kila siku, nani atatuogopa?" naye akamjibu, "Batuogope juu ya nini? Baliisha kuogopa ya kutosha mu hii vita. Nitakusindikiza, lakini kusema utasema weye." Basi Ariel alisema, mbele ya soko zima, kwa sauti ambayo mwanzoni haikusikika, akampeleka mama hospitali, na kwa majuma matano alibeba magunia yake kila asubuhi na kukaa kwenye meza yake akiuza kabla ya zamu, mpaka wanunuzi wakawa wanasema hawajaona polisi anayejaza kopo la maharagi namna ile, na Mama Christa akamkemea, "We Ariel, unanifilisi." Leo mama huyo amekuja na mkono uliopona, na mkionyeshwa ameketi wapi, mtaona ameketi kando ya Ariel.

Mwezi wa Desemba 2002, wakati maelfu ya watu waliokimbia vita vya Ituri walipoingia Beni kwa miguu, marehemu alitumwa huko kusaidia kuwaandika, akakaa majuma matano chini ya turubai, akimwandikia kila mtu mistari minne, hata watoto waliopotezana na wazazi, na wazazi kumi na saba walipata watoto wao kwa ajili ya mstari wa tatu, jina la mama. Ni huko ndiko miguu yake ilianza kuvimba, naye akapuuza, akisema ni kwa kusimama sana. Alirudi Butembo tarehe 18 Januari 2003, akalazwa hospitali tarehe 22 Januari, waganga wakaona kwamba sukari ilikuwa imekwisha kuharibu figo zote mbili, wakafanya yote yanayowezekana katika mji ambao dawa huufikia kwa bahati.

Siku ya Mungu, tarehe 9 Februari, Abdias aliingia chumbani mwake bila kutazamiwa, akiwa na chungu cha maharagi mapya kilichofungwa kwa kitambaa, akaketi. Mama Anne-Marie alikuwapo, na ndiye aliyetusimulia kwamba marehemu alimwuliza mgeni, "Abdias, ile neno yako ya kaburi, ungali nayo?" naye akajibu, "Ningali nayo," kisha akamwekea kijiko mkononi na kusema, "Kwanza ukule. Hizi zimetoka upande yenye ulilima kombo." Marehemu alicheka mpaka mwuguzi akaja. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 13 Februari 2003, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mke wake, watoto wake wanne na padri, akili zake zikiwa timamu, na neno lake la mwisho kuhusu kazi lilikuwa kuuliza kama kitabu cha kituo kimefungwa vizuri kwa ajili ya mvua.

Jana, Ijumaa, saa moja asubuhi, vijana wa ukoo walipokuwa wakijiandaa kwenda kuchimba, kama desturi inavyowaagiza, Abdias Kambere alifika mlangoni na wandugu zake wanne wa kwaya, begani amebeba jembe lile lile, mpini ukiwa mpya, akawaambia wazee walioketi katika kyaghanda, barza yetu ya ukoo, kwamba amekuja kuomba shimo. Wazee hawakukubali mara moja, kwa kuwa kaburi halichimbwi na mgeni, tena wote walijua maneno ya mwaka 2000, na mmoja wao alimwuliza waziwazi kama amekuja kutimiza laana. Abdias akaweka jembe chini, akasema, "Wazee, baba yangu alizikwa miye nikiwa mu kasho. Sikumuchimbia. Huyu njo mutu alinifungia, na njo mutu mumoja tu alikuya kusema ni miye. Bengine bote balisema ni vita. Nilisema tutaona nani atamuzika. Basi mutazame." Wazee walimgeukia Mama Anne-Marie, naye alisimama, akaliokota jembe, akamrudishia mkononi. Kaburi mtakaloliona baada ya misa, lenye kuta zilizonyooka na pembe nne sawasawa, limechimbwa naye, na hakukubali kupokewa jembe mpaka kina kilipotimia, na leo, kabla ya mtoto yeyote wa ukoo, familia imemwomba yeye atupe udongo wa kwanza.

Inabaki kushukuru. Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliokesha naye siku ishirini na mbili, mapadri na wachungaji waliosali pamoja bila kuulizana kanisa, majirani wa Vulamba walioleta kuni, unga na viti, watu wa Kalunguta waliompa jembe alipokuwa hana haki ya kuomba hata maji, na wenzake wa polisi, wakubwa kwa wadogo, ambao jana walituletea kitabu cha kituo, tukaona kwamba kwenye ukurasa wa tarehe 13 Februari maafisa wote kumi na mmoja wameandika majina yao kamili, jina, baba, mama na kilima, pasipo mtu kuwaagiza. Mwenye kumdai marehemu neno lolote ambalo hakulitengeneza, aje kwa familia, mlango uko wazi, tutasema ni sisi.

Josaphat, mwana wa Syauswa, wa Lubero, wewe uliyejifunza kwa gharama kuitika pale wengine wanaponyamaza, sasa umeitwa na Yule asiyechanganya majina yetu, mwitikie kama ulivyozoea, bila woga, ni miye, kisha uweke kalamu chini, na upumzike kwa amani.